Nani Yuko Nyuma ya Mnara? Barua ya Wazi kwa Madiwani wa Mbinga na Nyasa

Kwa Waheshimiwa Madiwani wa Halmashauri ya Wilaya ya Nyasa, Halmashauri ya Wilaya ya Mbinga na Halmashauri ya Mji wa Mbinga, mkoani Ruvuma.

YAH: RAMANI YA MAHUSIANO KATI YA WAWEKEZAJI WA TEKNOLOJIA NA SIASA

Mnara wa simu uliosimama juu ya kilima cha Umatengo au kando ya barabara ya kuteremkia Mbamba Bay huwa na wenyewe zaidi ya mmoja. Kiwanja ni cha kijiji, cha familia au cha parokia, na kimekodishwa kwa mkataba wa miaka kadhaa. Chuma, uzio, betri na jenereta mara nyingi ni mali ya kampuni ya minara. Antena zilizofungwa juu ni za kampuni za simu, pengine mbili au tatu kwenye mnara mmoja. Nyuma ya kila kampuni wapo wanahisa, nyuma ya wanahisa ipo mifuko ya uwekezaji na zipo serikali, na kuanzia hapo majina ya wanasiasa, vyama na vuguvugu huanza kujitokeza. Kuzipanda ngazi hizo moja moja, na kuandika kila uhusiano pamoja na hati inayouthibitisha, ndiyo kazi ya kuchora ramani ya ushawishi.

Kazi hii imezoeleka kuachiwa waandishi wa habari wa Dar es Salaam na Nairobi, au wahadhiri wa vyuo vya nje. Wao huanzia juu, kwa matajiri wanaojulikana, na mara nyingi huishia hukohuko. Ngazi ya chini hawaifikii. Mkataba wa kiwanja umo kwenye kabati la Mtendaji wa Kijiji, kibali cha ujenzi kimo halmashauri, na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji ulioridhia mnara umeandikwa kwa mkono kwenye daftari. Hati hizo ziko ndani ya mamlaka ya madiwani, na ndiyo sababu barua hii imeelekezwa kwao kabla ya wizara yoyote.

Inafaa kuanza na chuma. Kampuni kubwa ya minara nchini ni Helios Towers, iliyoanzishwa mwaka 2009. Kati ya mwaka 2010 na 2013 Tigo na Vodacom ziliiuzia minara yao, zikabaki kuwa wapangaji, na mwaka 2019 Helios ikaorodheshwa kwenye Soko la Hisa la London. Miongoni mwa waliotia mtaji wa mwanzo ni mfuko wa George Soros uitwao Quantum Strategic Partners, kampuni ya Albright Capital Management ya Madeleine Albright, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani kuanzia 1997 hadi 2001, na RIT Capital Partners yenye asili katika ukoo wa Rothschild. Mchoraji asiye makini hupotea hapahapa. Akiona jina la Soros, anayefadhili asasi za kiraia duniani kupitia Open Society Foundations, huchora mstari mmoja mnene kutoka kilimani Mbinga hadi kwenye kila maandamano yaliyowahi kutokea Afrika. Mstari huo hauna hati. Kinachothibitika ni kwamba mfuko wa biashara ulinunua sehemu ya kampuni ya minara kwa ajili ya faida. Umiliki unaonyesha nani anapata gawio na nani anapiga kura kwenye mkutano wa wanahisa, na hauonyeshi zaidi ya hapo mpaka ipatikane hati nyingine ya kuunganisha.

Antena zina historia tofauti. Vodacom Tanzania iko chini ya Vodacom Group ya Afrika Kusini, nayo iko chini ya Vodafone ya Uingereza. Airtel Tanzania ni ya Bharti Airtel kwa asilimia 51 na Serikali ya Tanzania kwa asilimia 49, kufuatia makubaliano ya mwaka 2019 yaliyoipandisha serikali kutoka asilimia 40. TTCL ni ya serikali. Halotel, iliyoanza huduma Oktoba 2015 na kujitangaza kama mtandao wa vijijini, ni ya Viettel, kampuni iliyo chini ya Wizara ya Ulinzi ya Vietnam. Tigo, ambayo sasa inaitwa Yas, ilitoka mikononi mwa Millicom mwaka 2022 na kuingia kwa muungano ulioongozwa na Axian, kundi la biashara lenye makao ya asili Madagaska. Kwa hiyo mkulima wa kahawa wa Maguu anayebadilisha laini kwenye simu moja ili apate bando la bei nafuu anahama, ndani ya dakika chache, kutoka kwa wanahisa wa Johannesburg na London kwenda kwa Hazina ya Tanzania, na kutoka hapo kwenda kwa jeshi la Vietnam.

Yuko pia mwekezaji ambaye hatajwi kwenye mabango, naye ni mlipakodi. Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulitia saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 kwa ruzuku ya shilingi bilioni 126, iliyogawanywa kwa kampuni za Vodacom, Tigo, Airtel, Halotel na TTCL. Ruzuku hutolewa kwa sababu kata za aina ya zile za mwambao wa Ziwa Nyasa hazina wateja wa kutosha kumvutia mfanyabiashara peke yake. Ni sera nzuri. Lakini uamuzi wa kata ipi ipate mnara mwaka huu na ipi isubiri ni uamuzi wenye uzito wa kisiasa, na kila mwenye kugombea kiti hupenda kusema kuwa mnara umeletwa na yeye. Ramani nzuri huonyesha orodha ya kata zilizopata, tarehe, kampuni iliyopewa na kiasi cha ruzuku, kisha humwachia msomaji aipime ahadi ya jukwaani kwa hati.

Namna ya kuchora haihitaji mitambo. Mmarekani Mark Lombardi, msanii aliyefariki mwaka 2000, alichora kwa penseli mitandao ya mabenki, wanasiasa na wafanyabiashara akitumia habari zilizokwisha chapishwa tu. Kila jina alilitengenezea kadi, na alikusanya kadi zaidi ya 14,000. Ubora wa michoro yake ulitokana na subira hiyo ya kadi. Mtu, kampuni, chama au ofisi huwekewa nukta, na uhusiano huwekewa mstari. Mstari lazima utaje aina yake: hisa, mkopo, ruzuku, mchango, ujumbe wa bodi, ajira, zabuni au undugu. Lazima utaje upande unakoelekea, kwa kuwa anayetoa na anayepokea hawalingani. Lazima utaje tarehe ya kuanza na ya kukoma, maana hisa huuzwa na vyeo huisha. Na lazima utaje hati. Kadi moja iliyokamilika ingesomeka hivi: kutoka UCSAF, kwenda kampuni fulani ya simu, aina, ruzuku ya mnara, mahali, kata fulani ya Wilaya ya Nyasa, tarehe, Mei 2023, hati, mkataba, daraja, imethibitishwa.

Daraja hilo la mwisho ndilo linalotenganisha ramani na uzushi. Madaraja manne yanatosha. La kwanza ni jambo lililothibitishwa kwa hati, la pili ni lililosemwa na mhusika mwenyewe, la tatu ni lililoripotiwa na mtu mwingine, na la nne ni linaloshukiwa. Daraja la nne hubaki kwenye daftari la mchunguzi wala halipandi kwenye mchoro unaobandikwa hadharani. Kijiji ambacho watu wake wanafahamiana kwa majina na koo kinaweza kuvunjika kwa mstari mmoja wa kushuku, na aliyeuchora hawezi tena kuufuta.

Kisa cha Afrika Mashariki kinachofundisha kazi hii kuliko vyote ni cha Mobitelea, na kinastahili kuelezwa kwa urefu. Safaricom ilizaliwa kutoka Telkom Kenya, shirika la umma. Mwaka 2000 Vodafone iliingia kwa asilimia 40 kupitia kampuni iitwayo Vodafone Kenya Limited, na asilimia 60 zikabaki kwa Telkom. Kwa Mkenya wa kawaida hesabu ilikuwa imekwisha: arobaini za Mwingereza, sitini za umma. Lakini Vodafone, katika taarifa zake za mwaka, ilijihesabia asilimia 35 tu. Asilimia tano zilikuwa na mwenyewe mwingine. Mwaka 2007 Kamati ya Bunge la Kenya inayosimamia uwekezaji wa umma ilianika jina lake: Mobitelea Ventures Limited, kampuni iliyosajiliwa Guernsey, kisiwa kidogo kati ya Uingereza na Ufaransa, mwaka 1999. Ilikuwa imepewa robo ya Vodafone Kenya, yaani asilimia kumi ya Safaricom nzima, kisha Vodafone ikainunua nusu ya sehemu hiyo.

Wakurugenzi wa Mobitelea hawakuwa watu. Walikuwa kampuni nyingine zilizosajiliwa katika visiwa vya Karibi, na wanahisa wake walikuwa kampuni za kushikilia hisa kwa niaba ya wengine. Vodafone ilieleza kuwa Mobitelea ilikuwa mshirika aliyewashauri juu ya mazingira ya biashara nchini Kenya. Nani hasa alikuwa akishauri hakuna aliyesema. Mwanzoni mwa 2008, nchi ikiwa bado na majeraha ya vurugu za baada ya uchaguzi, serikali ilipotangaza kuuza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi tano za Kenya kila moja, chama cha ODM kilipinga na kutaka wenye Mobitelea wajulikane kwanza. Mauzo yakaendelea, Wakenya wakapanga foleni, na mwaka 2009 Vodafone ikainunua sehemu iliyobaki. Majina hayajatoka hadi leo.

Kilichofichua jambo hili ni hesabu ya kujumlisha na kutoa. Asilimia zilizotajwa Nairobi hazikulingana na zilizotajwa London, na tofauti hiyo ndogo ikawa mlango. Ndiyo maana ramani hutaka hati mbili kutoka pande mbili kwa kila mstari mkubwa, moja ya mtoaji na moja ya mpokeaji. Kisa hicho kinafundisha jingine pia. Uvumi wa mitaani Kenya uliwataja vigogo kadhaa kuwa ndio wenye Mobitelea, na kila upande wa siasa ulikuwa na jina lake. Hakuna hata moja lililothibitishwa. Kwenye ramani ya kweli, Mobitelea hubaki nukta yenye mistari miwili, wa kutoka Vodafone na wa kwenda Guernsey, na ng'ambo ya Guernsey karatasi ni nyeupe. Weupe huo ni taarifa kamili: unaeleza ni sheria ipi ilikosekana.

Fedha pia hutembea kinyume, kutoka kwa chama kwenda kwa kampuni ya teknolojia. Machi 2018 televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilimrekodi kwa siri Mark Turnbull, kiongozi wa Cambridge Analytica, akisema kampuni yake ilikibadilisha sura chama cha Uhuru Kenyatta mara mbili, iliandika ilani na kuendesha dodoso za watu 50,000 kwa mikupuo miwili. Chama hicho, Jubilee, kilikiri kuiajiri SCL, kampuni mama ya Cambridge Analytica, kwa kazi ya kujenga jina la chama. Mtaji wa Cambridge Analytica ulitoka kwa Robert Mercer, tajiri wa Marekani aliyejipatia fedha kwa kompyuta zinazocheza masoko ya hisa, na ambaye pia alikuwa mfadhili mkubwa wa kambi ya Donald Trump. Mistari hiyo ina madaraja tofauti. Mtaji wa Mercer umethibitishwa. Ajira ya SCL imekiriwa na aliyeajiri. Lakini kwamba kampuni hiyo ndiyo iliyoshinda uchaguzi ni majigambo ya mfanyabiashara aliyedhani anazungumza na mteja mpya, na majigambo huandikwa kama majigambo. Watafiti wengi wamelikuza dai la Turnbull kwa sababu linatisha. Wapiga kura wa Kenya walikuwa na sababu zao nyingi za kuchagua, na ramani isiyowaachia nafasi hiyo inawadharau.

Matajiri wa teknolojia wa Marekani wamefika mbali zaidi tangu hapo. Peter Thiel, mtu wa nje wa kwanza kutia fedha Facebook kwa dola 500,000 mwaka 2004, alitoa dola milioni 15 kumsaidia J.D. Vance kupata useneta wa Ohio mwaka 2022, na Vance sasa ni Makamu wa Rais. Elon Musk alitumia zaidi ya dola milioni 250 kumuunga mkono Trump katika uchaguzi wa 2024. Haya yanamhusu mvuvi wa Liuli kwa njia iliyo wazi. Mwaka 2023 Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti ya Musk, ilifunguliwa Msumbiji mwezi Juni na Malawi mwezi Julai, wakati Tanzania ilikuwa haijatoa leseni. Mkoa wa Ruvuma ukawa umepakana na huduma hiyo kusini na magharibi. Mawimbi ya mitandao ya Malawi yamekuwa yakivuka ziwa tangu zamani na kunaswa na simu za mwambao, na mpaka wenyewe ndani ya ziwa bado una mgogoro uliotokana na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890. Siku leseni ya setilaiti itakapojadiliwa Dodoma, wananchi wa Mbamba Bay na Lituhi watakuwa na maslahi makubwa kuliko wa Kariakoo, na wanastahili kujua mwenye mtambo huo anafungamana na nani.

Kwa Tanzania yenyewe, mstari unaojulikana zaidi ni wa Rostam Aziz. Alikuwa mbunge wa Igunga mpaka alipojiuzulu mwaka 2011, aliwahi kuwa mweka hazina wa CCM, na kwa miaka mingi alikuwa miongoni mwa wanahisa wa ndani waliokuwa na asilimia 35 ya Vodacom Tanzania. Mwaka 2013 jarida la Forbes lilimtaja kuwa bilionea wa kwanza wa dola nchini. Sehemu ya hisa hizo ilinunuliwa na Vodacom Group mwaka 2014, na zilizobaki kwa jina la kampuni ya Mirambo zikafuata mwaka 2019. Haya ni mambo ya wazi na hayakuvunja sheria kwa kuwapo kwake. Mwenye hisa anaruhusiwa kuwa na chama. Swali la ramani ni jingine: katika miaka ambayo mtu mmoja alishika fedha za chama tawala na hisa za kampuni kubwa ya simu, je, mwananchi alikuwa na daftari la kufungua ili kuona maamuzi gani ya serikali yaliigusa kampuni hiyo? Hakuwa nalo.

Hatua moja kubwa ilikuja kwa sheria. Sheria ya Fedha ya mwaka 2016 ilizitaka kampuni za simu kuuza asilimia 25 ya hisa zake kwa umma. Vodacom iliorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam Agosti 2017 baada ya kukusanya shilingi bilioni 476. Waraka wa kuuzia hisa uliwalazimisha kuandika wanahisa, wakurugenzi, kesi na madeni kwenye kitabu kimoja kilichoweza kusomwa na yeyote. Kwa mchoraji wa ramani, kitabu hicho kina thamani kuliko miaka kumi ya tetesi.

Hata hivyo, anayedhani ushawishi hutiririka kutoka kwa mwenye hisa kwenda kwa mwanasiasa tu atachora ramani ya Tanzania kichwa chini. Nguvu kubwa iko kwenye leseni. Wiki ya uchaguzi wa Oktoba 2020, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliziagiza kampuni kusimamisha ujumbe mfupi wa jumla, na mitandao ya kijamii ikabanwa. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Vodafone ya London, Bharti ya Delhi, Axian na jeshi la Vietnam hawafanani kwa lolote, lakini mitandao yao ilizimika pamoja. Septemba 2024 gazeti la The Guardian liliripoti ushahidi kutoka kwenye baraza la kazi la London kwamba Tigo, wakati ikiwa ya Millicom, ilikuwa ikiipa serikali taarifa za nyendo za simu ya mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu katika wiki zilizotangulia kupigwa kwake risasi Dodoma tarehe 7 Septemba 2017. Mstari huo umo daraja la tatu, umeripotiwa, na unastahili uchunguzi wa wazi utakaoupandisha au kuufuta. Uzito wake ni wa kutisha: unahusu uhai wa mtu.

Hapo ndipo taarifa za watu zinapoingia. Mkulima wa Mbinga ameandikwa mara nyingi. Namba yake ya simu imo kwenye daftari la AMCOS, chama cha ushirika anakopeleka kahawa, imo kwenye usajili wa mbolea ya ruzuku ulioanza mwaka 2022, na alama za vidole vyake zimo kwenye usajili wa laini. Orodha yenye jina, kata na namba ni mali kubwa wakati wa kampeni. Juni 2021 Wakenya wengi waligundua kuwa wameandikishwa uanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023 na kuunda Tume yake. Ramani ya Mbinga na Nyasa isiyoonyesha nani anatunza orodha za wakulima, kwa mkataba gani na kampuni gani ya programu, itakuwa imeacha kitu kinachotafutwa kuliko hisa.

Ruvuma ina kisa chake kinachoonya dhidi ya kutazama juu tu. Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichokuwa na kitovu Litowa katika Songea, kilikusanya vijiji zaidi ya 15 vya ujamaa katika miaka ya 1960. Kilikuwa na marafiki na wafadhili ng'ambo, kilikuwa na kinu cha nafaka na mashine ya mbao, na kiliungwa mkono na Mwalimu Nyerere mwenyewe. Mtu aliyechora mistari hiyo miwili, wa fedha za nje na wa Ikulu, angesema hakiguswi. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati huo, ilikivunja na mali yake ikachukuliwa. Mistari iliyokosekana kwenye mchoro huo ni ile ya karibu: viongozi wa TANU wa mkoa na wilaya, ambao vijiji vinavyojiamulia viliwaondolea sauti.

Kwa upande wa sheria, vipande vya ramani vipo, ila vimetawanyika. Tangu mwaka 2020 kampuni zinatakiwa kuwasilisha kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, majina ya wamiliki manufaa, yaani watu wenye mwili na damu walio nyuma ya hisa, lakini daftari hilo halijafunguliwa kwa kila mwananchi. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inavitaka vyama na wagombea kutoa taarifa za michango na matumizi kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma hupokea matamko ya mali, ya madiwani yakiwemo. TCRA ina leseni na UCSAF ina ruzuku. Ofisi moja haioni kabati la nyingine, na mwananchi wa Chiwanda haoni hata moja.

Mabaraza matatu ya madiwani yanaombwa kuanza na yale yaliyo mkononi mwao. Kila Mtendaji wa Kijiji aagizwe kuwasilisha nakala ya mkataba wa kila mnara ulio kwenye ardhi ya kijiji: nani amekodisha, kwa kodi gani, hadi lini, na fedha inaingia akaunti ipi. Ofisi ya Mkurugenzi iongeze vibali vya ujenzi, michango iliyotolewa na kampuni za simu, benki na kampuni za mifumo ya malipo kwa shughuli za halmashauri, pamoja na majina ya viongozi waliohudhuria makabidhiano. Kila chama cha ushirika kieleze kampuni inayotunza taarifa za wanachama wake. Diwani mwenye uwakala wa fedha, kiwanja chenye mnara au ndugu mwenye zabuni aandikwe wa kwanza, kwa kadi ileile inayotumika kwa wengine.

Kwa yaliyo nje ya mamlaka yao, mabaraza yatumie Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. UCSAF iombwe orodha ya kata za Mbinga na Nyasa zilizopata ruzuku na viwango vyake. BRELA iombwe wamiliki wa kila kampuni yenye mkataba na kijiji. Msajili wa Vyama aombwe taarifa za gharama za uchaguzi za wagombea wa majimbo yaliyo ndani ya wilaya hizi mbili. Barua za maombi na majibu yake, hata jibu la kukataa, ziingie kwenye jalada moja, kwa kuwa kukataa nako ni hati yenye tarehe na saini.

Anayetajwa kwenye ramani apewe siku 14 kabla ya mchoro kubandikwa, ili alete hati ya kusahihisha. Namba za simu, mahali pa kuishi na taarifa za familia zisizohusu umiliki zisiandikwe. Mchoro upitiwe kila mwaka kabla ya kikao cha bajeti, mistari iliyokoma ifungwe kwa tarehe badala ya kufutwa, na nakala iwekwe kwenye mbao za matangazo za kata, ofisi za AMCOS na mialo ya Mbamba Bay, Liuli na Lituhi.

Nakala: Mkuu wa Mkoa wa Ruvuma, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), Msajili wa Vyama vya Siasa, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.